Mchikichi Wenye Chokaa

Kabonga, Jumatatu asubuhi

Dada yangu mpendwa Asma,

Amahoro. Nimetanguliza salamu, maana karatasi inayofika bila salamu hufanana na ile ya polisi. Wewe hujambo? Na miguu ya Mama inaendeleaje? Mwambie majani aliyoagiza nimempa mtu wa basi pamoja na barua hii. Ni ya kufunga gotini, asiyachemshe kama chai, namjua. Sisi huku wazima. Mke wangu, Sikujua, anakusalimu na anasema ndagala zimekuwa chache ziwani hata paka wa huku wameanza kuonja ugali.

Barua yako ilifika Ijumaa, nikaisoma mara tatu: kwanza kama mdogo wako, halafu kama sekretere wa komite ya wavuvi, halafu kama mtu mwenye jambo rohoni. Unaniomba nisaini karatasi ya watu wa Kisuka, hawa jirani zetu wa Tanzania, ili pirogi yako ya kuvulia irudi. Unasema iko wiki ya saba juu ya mchanga wa watu, mbao zinapasuka kwa jua, na wewe huna kingine cha kulisha nyumba. Yote uliyosema ni kweli. Na bado jibu langu ni hapana. Nisome mpaka mwisho kabla hujanilaani, kwa sababu mwishoni iko sababu nzuri zaidi ya kunilaani, na nisingependa uimalize hasira mapema.

Wewe uliolewa ukaondoka huku ungali binti, kwa hiyo acha nianze na maji yenyewe. Barani, mpaka wetu na Tanzania una mawe, na mbuzi tu ndiye asiyeuheshimu. Majini hakuna mawe. Ndiyo maana wazee wa kwetu na wazee wa Kisuka walichagua mchikichi mmoja ulionyooka hapa ufukweni, wakaupaka chokaa kiunoni. Nyuma yake, mlimani, kuna pengo kama la jino lililong'oka. Ukiwa ziwani ukitazama nchi kavu, mchikichi ukikaa katikati ya pengo, uko mpakani. Mchikichi ukisogea kulia kwa pengo, uko kwetu. Ukisogea kushoto, uko kwao, geuza makasia. Chokaa hupakwa upya kila mwaka mvua zikiisha, na hapaki mtu mmoja. Anakuja wao mmoja, anatoka wetu mmoja, wanapokezana brashi moja, kisha wanakula sahani moja. Ziwa lilipopanda miaka ile lilikula mchikichi wa zamani, ukachaguliwa mwingine. Hilo nitalirudia.

Mstari huo unapita juu ya Mwamba wa Bibi, ambapo samaki wa mikeke hukusanyika kama watu wa harusi. Nusu yao, nusu yetu. Kwa nusu hiyo tumeishi.

Sasa, Ramazani, nahodha wako, hakuvuka. Usimlaumu, na usimsikilize anayemlaumu. Asubuhi ile alikuwa akivuta wavu wa mwisho, mchikichi uko kulia kwa pengo, na watu wake wote wanaapa hivyo. Wale wa Kisuka wakaja na mapirogi tisa yenye moteri, wakamzunguka, wakamwambia pole na kazi, wakamwuliza habari za nyumbani, kisha wakaifunga pirogi yako kamba wakaivuta. Unajua Kiswahili chao kilivyo kizuri. Kina tafadhali nyingi hata mtu akikunyang'anya unajikuta umesema asante. Ramazani anakiri alisema asante mara mbili.

Serikali zote mbili zilipopelekewa habari zilisema ni ugomvi wa wavuvi, wavuvi wamalizane. Basi tukaenda Kisuka, mimi na Melkiades, prezida wetu wa komite. Walitupikia wali na kuku, wakatutandikia mkeka mpya. Mwenyekiti wao, Bwana Yonasi, mtu mnene wa sauti ya taratibu, alisema ndugu hawapelekani kwa wageni. Alisema maji ni ya Mungu, na mambo ya watu wawili yanazungumzwa na watu wawili. Kisha akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa, yenye kashe, muhuri wao, tayari. Mazungumzo yalikuwa yamefanyika kabla hatujafika, ikabaki sisi kula tu.

Nikaisoma. Ilisema tutagawana mwamba kwa kadiri ya vyombo vya kila upande. Wao wana vyombo tisini, Dada. Sisi kumi na moja, na cha kumi na moja ni chako, kiko kwao. Tukisaini, pirogi inarudi siku hiyohiyo, ila irudi kuvua wapi sijui, labda kisimani kwa Mama.

Melkiades alishika kalamu, nami nikamkanyaga mguu pale mkekani, akaiweka chini. Njiani tukirudi alinikasirikia kweli. Alisema mimi sikuishi ukimbizini. Alisema miaka ya vita watu wale walimpa shamba, wakamsomesha, wakamwozesha, wakamzikia baba yake kwa heshima, na leo anaambiwa asiwaamini kwa nusu ya jiwe lililo majini. Sikumcheka, maana alisema ya moyoni. Nikamwambia shukrani ni shukrani na mwamba ni mwamba. Ukitaka kushukuru, peleka mbuzi, mimi nitakusaidia kumvuta. Lakini usilipe kaburi la baba yako kwa samaki wa watoto wa wenzako. Siku ya pili akaniambia niandike barua ya kuomba waamuzi, yeye atatia sahihi.

Unanijua, shule yangu iliishia darasa la nne na redio ndiyo iliyonimalizia. Hapo redioni nimesikia nchi zikigombania bahari na visiwa visivyo na hata kuku. Na nimegundua jambo moja ambalo halina haja ya shahada: daima yule mkubwa ndiye anayependa mazungumzo ya wawili, na yule mdogo ndiye anayetafuta mwamuzi. Mkubwa huita hayo undugu. Mdogo akitaja mwamuzi huambiwa ana kiburi. Basi mimi nikakubali kiburi. Kuna shirika moja la mambo ya ziwa linalopeleka waamuzi mahali pa ugomvi kama wetu, nikawaandikia kwa Kiswahili, mtoto wa Melkiades akageuza Kifaransa, na sijui alisema nini lakini walikuja.

Walikuja watatu. Mkuu wao mama mmoja wa Zambia, anasema Kiswahili kama mtu anayetembea juu ya makaa, lakini anasikia kila neno. Mwingine Mkongomani wa Kalemie. Wa tatu mzee wa nchi ya mbali isiyokuwa na ziwa wala bahari, nadhani ndiyo sababu walimchagua. Kisuka nao walikuja shingo upande, maana kukataa kungeonekana vibaya. Waamuzi walikwenda majini na jipiesi, kile kipimo cha setilaiti, wakapima mchikichi, wakapima pengo, wakapima mwamba. Kisha yule mama akaniomba daftari ya komite. Akafungua mwaka ule ziwa lilipopanda, akasoma mwandiko wangu: Alama imepakwa kama kawaida. Akaifunga. Alhamisi hii wanakaa hapo Rumonge kusikiliza pande zote mara ya mwisho, kisha wanaamua. Kwa vipimo vile, Dada, tunashinda. Pirogi yako ilikuwa ndani ya maji yetu kabisa.

Ungeweza kuacha kusoma hapo ukafurahi. Lakini juzi Jumamosi Bwana Yonasi alikuja nyumbani kwangu peke yake, na kilo mbili za sukari. Akaniuliza habari za Mama. Akasifu nyumba. Tulipomaliza chai akasema kwamba sasa ziwa limeshuka kidogo, na kisiki cha mchikichi wa zamani kinaonekana majini pale karibu na ufuko. Alikuwa amepita kukitazama. Kutoka pale mpaka mchikichi wenye chokaa alihesabu hatua sitini, kwenda kusini, kwenda upande wao. Akasema lakini yeye ni ndugu, na ndugu hawahesabiani hatua. Nikisaini ile karatasi kabla ya Alhamisi, atakuwa amesahau kuhesabu. Akanipa mkono, akaenda. Sukari aliiacha.

Ni mimi, Dada. Hilo ndilo nililolizungusha tangu salamu.

Mwaka ule barabara ilikatwa na maji, mtu wa Kisuka hakuja siku tuliyoagana. Nilimngoja na ndoo ya chokaa mpaka chokaa ikaanza kuganda. Ilikuwa nimngoje hata wiki, ndiyo desturi. Lakini nilikuwa na hasira, nikasema hawatuhesabu kuwa watu hawa. Ulikuwepo mchikichi mzuri hatua tano tu kutoka ule ulioanguka. Nikaupita. Nikaenda hadi ule wa hatua sitini, nikaupaka huo, peke yangu, nikala peke yangu, nikaandika kama kawaida. Nilijiambia ni hatua sitini tu, mtu akitema mate zinaisha.

Ujinga wangu uko hapa, ucheke ukitaka. Nilidhani hatua sitini ufukweni ni hatua sitini majini. Baada ya waamuzi kwenda nilichukua uzi na vijiti, nikapima mezani kama nilivyowaona wao. Mstari unaanzia kule mlimani kwenye pengo, unapita mchikichi, halafu unaendelea kufunguka kama mkasi. Hatua sitini za nchi kavu, zikifika mwambani, ni mia na ishirini na zaidi. Nilitaka kuiba kidogo tu, hesabu ikanifanya niibe mwamba karibu wote. Miaka hii yote vijana wetu wamevua kwao wakidhani wako kwao wenyewe, na Ramazani, aliyefuata alama kama mtu mwaminifu, aliifuata alama yangu. Pirogi yako haikuchukuliwa na Yonasi peke yake. Mimi niliipeleka mpaka pale, yeye akamalizia kuvuta.

Asubuhi hii nimempa mtu wa basi barua mbili. Hii yako, na nyingine ya yule mama wa Zambia. Yake haina salamu za miguu ya Mama, lakini ina hatua sitini, ina uzi na vijiti nilivyochora, ina jina langu lote. Nimeandika kwamba nahodha alifuata alama na mwenye pirogi hakujua lolote, kwa hiyo chombo kisishikwe. Wakitaka kushika kitu, wanishike mimi. Sina moteri ila napiga kelele nyingi. Melkiades nilimwambia jana. Akaniuliza kama nimebakiza nakala ya barua, maana na yeye anataka kutia sahihi chini. Usekretere wangu umekwisha, hilo ameniambia pia, na amefanya sawa.

Najua utauliza: mwizi akishajitaja, waamuzi wa kazi gani tena, si tusaini tu? Hapana, Dada. Sasa ndipo nawataka zaidi. Mikononi mwa Yonasi kosa langu ni kamba shingoni, ataivuta leo kwa mwamba, kesho kwa ufuko, keshokutwa kwa wajukuu wetu, na kila siku ataniita ndugu. Mbele ya waamuzi kosa lilelile ni hatua sitini, basi. Zinapimwa, zinarudishwa, na zinazobaki ni zetu, wala hatumshukuru mtu. Heri nirudishiwe nusu yangu na mgeni asiyenipenda kuliko kupewa kijiko na ndugu mwenye vyombo tisini. Siri yangu alitaka kuniuzia mwenyewe. Nimeitoa bure, aone bei gani atapata. Na kilo mbili za sukari zimerudi kwake jana, hazijafunguliwa.

Chokaa sikuifuta. Mtu aliyehamisha alama mara moja asiiguse tena.

Huenda pirogi yako ikarudi Alhamisi, huenda isirudi, na hapo utakuwa na haki ya kusema mbele ya watu wote nani alikupoteza. Nakuomba uje usikilize. Kaa upande wowote unaotaka, hata wa Kisuka, sitakuuliza. Ila ukija, pita sokoni uninunulie mfuko mmoja wa chokaa. Waamuzi wakishataja mchikichi wa haki, atatoka mtu wao mmoja na mtu wetu mmoja, wapokezane brashi. Mimi nitabeba ndoo tu. Sahani yao sitagusa.

Mfikishie Mama salamu zangu, na usimsomee ukurasa wa katikati. Sikujua anakusalimu mara ya pili, anasema ya kwanza niliiharibu kwa habari za paka. Mungu akulinde, na anipe mimi uso wa kukutazama.

Mdogo wako mkaidi,

Shafii, aliyekuwa sekretere