Usiogope Majina ya Chaki

Giudecca, Venisi
3 Juni

Mwanangu Fosca,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima. Baba yako hajambo kidogo, kifua bado kinamsumbua na daktari amemkataza ngazi, lakini anakula. Natumaini wewe na huyo Ruggero wako mko salama. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Jirani yetu Bruna kaniletea gazeti lako la safari jikoni, mikono yangu ikinuka dagaa. "Elide, mwanao katoka gazetini, na picha." Nikanawa haraka, nikafurahi kama mjinga, nikasoma. "Ushauri kwa Anayefika Venisi Mara ya Kwanza." Usinywe kahawa kwenye uwanja mkubwa, sawa. Usiwalishe njiwa, sawa. Usisimame katikati ya daraja kupiga picha, watu wanakwenda kazini: hapo nikakupigia makofi. Halafu nikafika chini.

"Sikukuu ya Mkombozi, mwezi wa Julai, vukeni mwende kisiwa cha Giudecca. Ukingoni mwa maji mtaona majina yameandikwa sakafuni. Ni ya wenyeji wanaojiwekea nafasi za meza. Usiogope majina ya chaki. Hakuna sheria hapo. Fika mapema, tandika shuka lako, na fataki utaziona kuliko mtu yeyote."

Una akili kweli wewe? Jina la chaki lililo mbele ya mlango wetu ni la nani? Nani alikuwa akililia chaki kila Julai ili aandike BUSETTO kwa mkono wake, asipopewa hali chakula? Mji mzima tumeshawaachia. Mkate tunavuka maji kuutafuta, maana duka la mkate sasa linauza vinyago vya plastiki. Tumebakiwa na jioni moja na meza moja, nawe ukaenda kuitangaza.

Baba yako hajui. Anachozungumza ni meza tu: nani atamshika mkono kumshusha, bata atapikwa vipi, Fosca atakaa upande gani. Anasema huenda ikawa ya mwisho kwake. Waambie wakubwa wako walifute jambo hilo, kisha uje.

Mama yako

*

Torino
15 Juni

Mama,

Shikamoo. Mpe Baba pole ya kifua, na mbona hukuniambia mapema? Sisi tu wazima.

Gazeti limeshachapwa, halifutiki. Na hata lingefutika, nisingelifuta. Ule ukingo ni wa manispaa, si wa kina Busetto. Unanifokea kana kwamba nimeuza nyumba.

Na tukisema, tuseme yote. Mwaka jana nilimleta Ruggero kwenye hiyo meza yenu. Ulimweka mwisho kabisa, penye ndoo ya maganda ya tikiti, na tangu tukae mpaka tuinuke ukamwita mgeni. "Mpitishieni mgeni mkate." "Mgeni hali dagaa wa siki, tumbo lake la Torino." Watu wakacheka, nawe ukanogewa, ukaendelea. Huyo ni mtu ninayeishi naye, Mama. Nilipoandika lile la chaki nilimkumbuka yeye na ile ndoo. Ndiyo, niliandika kwa hasira. Nilitaka wageni waikalie nafasi yenu hadi mkome.

Julai sitakuja. Mwambie Baba nina kazi.

Binti yako

*

Giudecca
23 Julai

Fosca,

Mimi mzima, kama unataka kujua. Baba yako yuko kitandani.

Umefanikiwa, hongera. Mchana niliandika jina mwenyewe, nikapanda kumgeuza bata. Niliporudi na meza, jina lilikuwa chini ya shuka la watu wazima wamevua viatu, wanatafuna viazi vya pakiti. Nikawaambia kwa adabu kwamba hapo ni petu. Bwana mmoja akanionyesha makala yako kwenye simu. Picha yako hiyo, unatabasamu. "Imeandikwa hakuna sheria, mama." Bruna alitaka kuwamwagia maji ya kuoshea samaki, na mimi ningemwacha, ila baba yako akatokea mlangoni. Kashuka ngazi zote peke yake, kavaa shati jeupe.

Nikajua sasa kumekucha. Unamjua baba yako, aliwahi kumsukuma mtu mferejini kwa ajili ya nafasi ya kufunga boti. Akaomba ile simu. Akaipeleka mbali, akaileta karibu, akaitazama mpaka yule bwana akaanza kuona haya. Kisha akasema, "Huyu ni binti yangu." Akawaonyesha mmoja mmoja. "Haya kaandika binti yangu." Akawaambia wakae, wasijisumbue. Yeye akaketi kizingitini, sahani magotini, akala bata wake akitazama migongo yao. Fataki hakuziona, maana wote walisimama.

Nimekasirika hata sijui kalamu naishikaje. Aliniuliza mara moja tu kama kazi zako huko ni nyingi sana. Nikamjibu ni nyingi. Nimemdanganya mume wangu kwa ajili yako, na hilo sitalisahau.

Mama

*

Torino
2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Naja Jumamosi kumwona Baba. Usinipikie. Ile ndoo sijaisahau na hasira yangu kwako ipo pale pale, lakini Baba hakustahili yale. Kila nikila naiona ile sahani magotini mwake.

Binti yako

*

Giudecca
1 Julai

Kwa mgeni wetu wa Torino,

Natumaini mko salama. Mimi mzima, nyumba kimya. Tangu tumzike baba yako Novemba hatujaandikiana, na pale makaburini ulinipa mkono kama unavyompa karani. Nami nikakupa hivyo hivyo. Hasira yangu haijaisha, usijidanganye. Lakini kwa kuwa wewe ni bingwa wa ushauri, nami ninao wangu kwa anayefika Giudecca mara ya kwanza.

Usije kwa boti ya abiria, itajaa wasomaji wako. Pita daraja la maboti linalojengwa juu ya maji kwa ajili ya sikukuu, uje kwa miguu kama watu. Usipige picha nguo zangu kwenye kamba. Ukifika kwa Bruna, anza wewe kumsalimia, maana ameapa hatakusalimia. Dagaa wa siki huliwa baridi, na asiyewapenda atakaangiwa mayai. Atakayemcheka ataniona. Kiti cha mwisho mwaka huu nakaa mimi, ndoo nimeshaihamisha. Ruggero atakaa alipokuwa akikaa baba yako, kama hataogopa.

Ukikuta watu wametandika shuka mahali petu, usiwape ushauri. Waondoe. Uliwaita wewe, hiyo ni kazi yako.

Jina sitaliandika mimi. La mwaka jana niliandika vizuri, likakaliwa. Chaki iko dirishani, pale baba yako alipokuwa akikuwekea. Njoo mapema.

Mama yako