Jino la Tatu

Bwenini,
12 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote na mgongo wa mama umetulia. Mimi ni mzima, ila chakula cha hapa kinahitaji moyo.

Nimepewa kitanda cha juu, karibu na dirisha. Wenzangu wamebandika ukutani picha za ndugu zao. Mimi nimebandika mchoro wa injini ya pikipiki yetu, ule niliouchora siku tulipoitoa kwenye fremu. Msichana wa kitanda cha chini ameniuliza kama ni tumbo la ng'ombe. Nikamweleza kwa dakika ishirini, akalala.

Baba, najua uliniahidi, lakini nakukumbusha: usiifunge injini kabla sijarudi Juni. Fremu piga msasa, paka rangi, fanya upendavyo, lakini injini tutaifunga wawili. Daftari ninalo huku. Kila nati ina namba yake, na kila kopo kwenye rafu lina namba hiyohiyo. Hata zile gia mbili za kuendesha vali, ambazo nukta zake za kiwandani zilifutika ukakwaruza alama mpya kwenye jino moja kwa msumari, nimezichora. Kwa hiyo usiogope kusahau. Wewe una mikono, mimi nina daftari.

Msalimie mama.

Binti yako,
Karani


Nyumbani,
2 Februari

Kwako Karani wangu,

Marahaba, mwanangu. Huku tu wazima. Mgongo wa mama yako umepona ghafla, na dawa yake ndiyo nataka kukusimulia.

Jumamosi nilikuwa uani nasugua fremu, nikasikia mtu anabisha mlango kwa mguu. Anayebisha kwa mguu mikono yake imejaa. Kufungua, namkuta kaka yako Kiberiti. Miaka sita, Karani. Amekonda, ana ndevu, na kichwani amebeba tanki la mafuta la pikipiki.

Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka alivyoondoka bila kuaga, na tanki letu likaondoka siku hiyohiyo. Nilikuwa na maneno ya kumwambia akirudi, nimeyapanga miaka yote hiyo. Yeye akaniambia, "Baba, si lile, lakini halivuji." Maneno yangu yakapotea yote. Mama yako alilipokea lile tanki akaanza kulia huku amelipakata kama mtoto mchanga.

Tanki lenyewe ni la aina nyingine, pana kidogo. Kiberiti anasema tukikata masikio mawili ya fremu yanayoshika tanki na kuchomelea mapya, litakaa. Anataka pia kiti kirefu cha watu wawili, na madigadi ya nyuma ya kuzuia tope tuifupishe. Yule ana mikono, sijui kajifunzia wapi. Nilikwenda kazini kwenye pampu za maji asubuhi, kurudi jioni nikakuta amenyoosha spoku zote za gurudumu la nyuma. Kazi hiyo ilinishinda mwaka mzima, wewe shahidi.

Anakusalimu. Anauliza kama bado unasomea chini ya meza.

Baba yako


Bwenini,
10 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mitihani midogo imekwisha.

Nimefurahi kwamba kaka amerudi. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa, ili itoke vizuri.

Lakini baba, fremu ile ina miaka arobaini na tano na haijawahi kukatwa. Tulikubaliana kwamba tunairudisha ilivyokuwa siku ilipotoka dukani. Tulikubaliana rangi nyeusi, mstari mmoja mweupe, madigadi nzima. Nimesoma kitabu cha pikipiki hiyo mara nne, hata kurasa za matangazo. Kiti kirefu hakimo. Sasa tanki limekuja kutoka pikipiki nyingine, na kaka ambaye hakuwepo siku tunatoa hata bolti moja ndiye anaamua pa kukata.

Sikatai kwamba ana mikono. Spoku mimi pia nilijaribu kuzinyoosha, ila hukuwahi kumwandikia mtu barua juu ya hilo.

Nina swali dogo. Mkifanya kazi anakaa wapi? Kama ni kwenye lile debe la rangi lililopinduliwa, naomba umwambie kwamba hilo ni langu.

Binti yako,
Karani


Nyumbani,
1 Machi

Karani wangu,

Marahaba. Natumaini homa ya mitihani imepoa na unakula, hata kama ni kwa moyo.

Debe anakalia, sitakuficha, kwa kuwa hatuna lingine. Nilimwambia ni lako, akacheka, akasema atalipasha joto mpaka urudi. Usinune.

Masikio ya fremu tumekata. Nilishika taa, yeye akachomelea. Tanki limekaa kama lilizaliwa pale. Majirani wanapita makusudi kuchungulia, na fundi matairi wa kona amemuuliza kama anataka kazi. Nimetembea na kifua mbele wiki nzima.

Sasa kuna kosa limetokea. Kiberiti aliziosha zile gia mbili za vali kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, akazing'arisha mpaka unajiona uso. Alama niliyokwaruza kwa msumari imekwenda na uchafu. Kichwa changu kwa namba ni chujio, unakijua. Fungua daftari utuandikie: alama ilikuwa jino la ngapi, tukihesabu kutoka kwenye kitundu cha gia?

Mimi natumwa wiki tatu kwenye pampu za mbali. Nimemwambia Kiberiti barua yako ikija aifungue mwenyewe, afuate ulivyosema, afunge injini. Najua niliahidi Juni. Lakini wewe una akili, utanielewa. Akikaa bila kazi mkononi ataanza kutazama barabara. Nimeshaanza kumwona anatazama. Nikimpoteza mara ya pili mama yako hatainuka.

Baba yako


Bwenini,
9 Machi

Baba (na kaka, kwa kuwa wewe ndiye utakayefungua),

Shikamooni. Mimi ni mzima.

Nimetazama daftari. Ni jino la tano kutoka kwenye kitundu.

Nawatakia kazi njema.

Karani


Nyumbani,
14 Aprili

Karani wangu,

Marahaba, na unisamehe kwa ukimya. Sikuwa na moyo wa kushika kalamu. Afya tunayo.

Nilirudi Ijumaa moja, nikakuta ua umenyamaza. Kiberiti ameketi kwenye debe, injini iko wazi mbele yake. Alikuwa ameifunga Jumatano, akaipiga kiki kwa nguvu zake zote, na ndani kikalia kitu kama kijiko kimevunjikia kwenye sufuria. Vali ya kutolea moshi imepinda. Pistoni imepata kovu. Unajua vali ile niliisaka muda gani.

Nikamuuliza barua yako ilisemaje. Akasema, "Iliandikwa tatu. Mimi nikaweka tano. Sikuwa makini." Nikataka niione barua yenyewe. Akasema ameifutia oili, ameitupa.

Hapo ndipo nilipowaka. Mtoto amekaa shuleni ameandika kwa mwandiko wake ule uliopangwa kama meno ya kitana, na mtu mzima anafutia oili. Yale maneno ya miaka sita yalirudi yote, Karani, yakaja na mengine mapya. Nilimwambia kwamba kila agusacho cha nyumba hii kinaharibika au kinapotea. Nilimwambia asishike tena spana yangu. Jioni alibeba mkoba wake. Sasa analala kwenye karakana ya fundi matairi, na nasikia tarehe thelathini anaondoka na lori la mbao.

Ulikuwa na haki. Ningekungoja. Debe ni lako, spana ni zako, Juni tutaanza upya wawili kama tulivyosema. Mama yako hanisemeshi. Chai naletewa ikiwa imepoa.

Baba yako


Bwenini,
19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za afya, kwa sababu nikianza na salamu sitafika ninapotaka kufika.

Barua yangu haikusema tatu. Ilisema tano. Niliandika tano huku daftari liko wazi mbele yangu, na kwenye daftari ni tatu, nimeizungushia duara jekundu. Kaka hakukosea kusoma. Aliweka nilichomwambia aweke. Sijui amejuaje kwamba ilikuwa tatu, wala kwa nini amekwambia hivyo.

Sikudhani itavunjika. Nilidhani itakataa tu kuwaka. Niliwaza atapiga kiki mpaka achoke, kisha wewe useme mbele yake kwamba bila Karani haiwezekani. Nilitaka sentensi hiyo tu. Uliniandikia kuhusu spoku, kuhusu kuchomelea, kuhusu majirani, na kila nilipofungua barua nilitafuta mahali ulipoandika kwamba mnanikumbuka, nikakuta swali la namba.

Kuna jambo baya zaidi. Niliposoma kwamba debe ni langu na kaka ameondoka, nilifurahi. Kwa dakika moja nzima, baba, nilifurahi kabisa, nikijua ukweli. Halafu nikashuka kitandani nikaenda kuoga ingawa haikuwa zamu yetu ya maji.

Na kuna lingine la zamani. Siku kaka alipoondoka nilikuwa chini ya meza ya jikoni nasoma. Nilimwona anafunga tanki kwa shuka. Aliniona. Akaweka kidole mdomoni. Ulipouliza usiku ule kama kuna aliyeona, nilinyamaza.

Nimemwomba matroni ruhusa niende posta mwenyewe, barua isikae ofisini. Nakutumia daftari lote pamoja na barua hii. Sistahili kukaa nalo. Baba, lori linaondoka tarehe thelathini.

Karani


Nyumbani,
6 Mei

Karani,

Marahaba. Sote wazima, na nikisema sote nimehesabu wanne.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane. Niliisoma nimesimama, nikaenda nayo kwa fundi matairi nikiwa na kandambili. Kaka yako alikuwa anaziba tyubu. Nikampa asome. Alisoma taratibu, akaikunja, kisha akatoa mfukoni barua nyingine. Ile yako ya tano. Haina hata doa la oili.

Kumbe vali ilipopinda aliifungua injini, akazizungusha gia kwa mkono jino baada ya jino, mpaka akaona vali zinapofunguka sawasawa. Ni kwenye la tatu. Akaelewa. Nikamuuliza kwa nini alikubali nimtukane vile. Akasema, "Alinifichia tanki. Nikamfichia jino." Akaendelea kuziba tyubu yake.

Niliketi juu ya tairi la lori. Kumwomba radhi mwanao mwenye ndevu ni kazi ngumu, nati yenye kutu ya miaka arobaini inalegea upesi zaidi. Nilimwomba. Ilibidi nirudie, kwa sababu mara ya kwanza pampu ya upepo ilikuwa inanguruma hakunisikia. Fundi matairi alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Wewe nimekukasirikia. Sitaki ufikiri vinginevyo. Ndiyo maana barua hii imechelewa, nilingoja hasira ishuke nisije nikaandika ya kujutia kama niliyomwambia yeye. Kiki ya injini ile ikirudi kwa nguvu inavunja mguu wa mtu. Ungekuwa mguu wa kaka yako, daftari lingetusaidia nini? Usiniandikie tena namba ya uongo. Ukiwa na wivu, andika wivu. Nitausoma.

Na mimi nina langu. Nilikuwa nimemshika aliyerudi kwa mikono miwili, nikasahau kwamba aliyekuwepo siku zote naye anahitaji kushikwa. Nilidhani wewe huhitaji kuambiwa.

Kiberiti amepata vali ya jenereta, ndefu kidogo, anaichonga ipungue. Injini itafungwa kwenye jino la tatu, lakini haitawashwa. Ili kusiwe na mashaka, ndani ya kifurushi hiki kuna kiki yenyewe, kile chuma cha kukanyagia. Tumeifungua tukakutumia. Wazo si langu, ni lake. Bila chuma hicho hakuna wa kuiwasha, hata majirani wakichungulia mpaka shingo zirefuke. Juni uje nacho.

Daftari nakurudishia. Ni lako.

Baba yako


Bwenini,
13 Mei

Baba, na kaka, maana najua mtasoma pamoja,

Shikamooni nyote. Natumaini chai sasa inakuja na moto wake.

Kifurushi kimefika. Matroni alikifungua mbele yangu, akaniuliza ni silaha ya nini. Nilimweleza kuanzia pistoni, akasema basi, basi, nenda nacho. Nakilaza chini ya mto. Shuka zangu zinanuka oili, na wa kitanda cha chini ananung'unika, ila jana aliniomba nimwonyeshe kwenye mchoro kinakaa wapi.

Kaka, nisamehe. Nilitaka kuandika zaidi ya hapo, nimechana kurasa tano.

Baba ulisema niandike wivu. Bado upo. Niliposoma kwamba kaka anaichonga vali ya jenereta niliuma kalamu mpaka wino ukanijaa mdomoni. Ningependa kuona anavyofanya. Nadhani ni wivu wa aina nyingine, lakini nimeuandika hata hivyo.

Nakutumieni tena daftari, si kwa kususa. Kwenye ukurasa wa vali nimefuta vipimo vya zamani, nimeuacha mtupu. Kaka aandike vya vali mpya mwenyewe, kwa mwandiko wake hata kama ni mbaya, na kiti kirefu akichore pembeni. Kisha mnirudishie.

Debe akalie. Litafutwe lingine.

Juni nitapiga kiki mara moja tu. Isipowaka, zamu ya kaka.

Binti yako na mdogo wake,
Karani