Milio Miwili ya Mama

Jumatatu, 6 Juni 2005

Mama amebipu saa kumi na mbili na nusu. Milio miwili, kimya. Maana yake ameamka salama, anakwenda bandani kukamua. Tangu Baba afariki ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Sijawahi kupokea, nikipokea nimemlia pesa. Nikanywa chai, nikatoka kwangu mtaa wa Soweto, hapa mjini, kwenda kazini kampuni ya simu.

Leo tumehamisha simu za Old Moshi, kule mlimani kwa Mama. Zile ishara za simu, za kusema nani anampigia nani, iite, ikate, zilikuwa na waya wao wa miaka mingi. Sasa zinakatwa vipande na kupita kwenye mtandao wa intaneti. Nimeunganisha mimi. Tukajaribu simu baada ya simu. Haloo, haloo, tiki. Bosi wangu, Mzee Kimaro, akanunua soda.

Jumanne, 7 Juni

Hakuna bipu. Nikapiga mimi, haikupokelewa. Nimepanda mlimani na nguo za kazini, tope hadi magotini. Nikamkuta anamkatia ng'ombe majani. Nimetoa shikamoo huku nalia.

"Nimepiga," akasema. "Ikaita mara mbili, nikakata. Kama hukusikia, kaulize mashine yako. Usinizike mapema."

Aibu. Akanipa bakuli la mtori wa ndizi, nikashuka.

Jumatano, 8 Juni

Kimya tena. Sikupanda. Sikuogopa hata kidogo, najua ni mashine.

Kosa nimelipata. Mtambo mpya unamsikilizisha mpigaji mlio wa kuita kabla simu ya upande wa pili haijaanza kulia. Mama anahesabu miwili, anakata. Kwangu bado haijafika. Hatukuliona kwa sababu kila simu ya majaribio tuliipokea. Mlima mzima unaishi kwa bipu, sisi mafundi tukiwemo, na hakuna aliyekumbuka kujaribu hata moja. Mzee Kimaro anasema bipu haiingizi kitu, niachane nayo. Nimemwitikia. Alipotoka nikarekebisha.

Alhamisi, 9 Juni

Imelia. Miwili. Nimecheka peke yangu jikoni. Fundi ni mimi.

Ijumaa, 10 Juni

Mama amefariki.

Asubuhi hakukuwa na bipu. Nikasema rekebisho langu limegoma. Nikampigia, haikupokelewa, saa hizo huwa bandani. Nikakimbia. Kazini, si kwake. Masaa matatu nimechambua ishara mstari kwa mstari, nikitafuta simu ya Mama imepotelea wapi. Haikupotea popote. Haikupigwa. Mtambo ulikuwa mzima.

Nimefika saa nne na nusu. Yuko chini sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye simu ya mezani. Bado anapumua. Akakata roho njiani kwenda hospitali, kichwa chake mapajani kwangu. Ng'ombe hakuwa amekamuliwa, tulimwacha analia.

Nimemuuliza daktari kama masaa yale matatu yangebadilisha kitu. Akasema hajui. Nilitaka aseme hapana.

Jumamosi, 11 Juni

Siwezi kuandika.

Jumanne, 14 Juni

Tumemzika kihambani, shamba letu la ukoo, kwenye migomba, ubavuni kwa Baba. Watu wananipa pole. Wanasema nilikuwa mtoto mwema, kila asubuhi nilijua hali ya mama yangu. Naitikia asante. Najichukia.

Walipoondoka nikapanda sale kaburini. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale, naye akishaliona hana budi kukusamehe. Nimekaa pale mpaka ukungu ukashuka. Sikujisikia nimesamehewa.

Jumatatu, 27 Juni

Nimerudi kazini. Old Moshi inakwenda vizuri. Bipu zote zinapita. Mzee Kimaro amenisogezea kiti.

Nimetafuta namba ya Mama kwenye kumbukumbu za mtambo. Simu ya mwisho aliyopiga ni ya Alhamisi ile. Namba yake, namba yangu. Imeita. Haikupokelewa. Maongezi, sifuri. Mtambo huzifuta kila baada ya mwezi.

Nainakili hapa. Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili asubuhi. Milio miwili.