Mchanga wa Bibi Yako

Mjukuu wangu Eliza,

Huku Kasekese hatujambo, bibi yako anapura maharage. Umeuliza kwa nini fundi wenu anawalazimisha nyie wanafunzi kumwagilia zege wiki nzima wakati limeshakauka. Kukauka sio kukomaa, mama. Zege linapata nguvu polepole, likiwa na maji.

Ujanani nilipewa kazi ya kumwagilia mfuniko wa zege wa kisima cha kijiji. Siku ya pili nikaukuta mgumu, nikaenda zangu ngomani. Ulipopasuka, nikasema mchanga ulikuwa na udongo. Akina mama walioubeba kichwani kutoka mtoni wakaomba radhi, wakabeba mwingine.

Bibi yako alikuwa mmoja wao. Mpaka leo, hata mchanga wa kusugulia sufuria anauosha kwanza, nami namtazama tu.

Babu yako