Siku Tatu za Kuloweka Muhogo

Jumatatu, 2 Juni
Uji wa muhogo, vijiko sita. Riziki, niliyemlea, alinifuta mdomo, akashika fimbo zake mbili za kutembelea, akarudi jikoni. Moyo wangu umechoka. Daktari hataji tena miezi. Wanawake wa kanisa wanataka niwafundishe kupika muhogo, Jumamosi, hapa nyumbani Durban, kama nilivyofundisha mapishi kule Kivu, Kongo. Nimekubali. Sijui kwa nini.

Jumatano, 4 Juni
Naandika somo. Muhogo unatia nguvu. Unamfaa ambaye tumbo lake linakataa ngano. Mwenye sukari ale kidogo. Sombe, majani ya muhogo, itwangwe, ichemshwe sana, inajenga mwili. Kisha muhogo mchungu: kumenya, kuloweka siku tatu mpaka ulainike, kuanika. Hapo kalamu ikasimama.
Riziki atakuwa amekaa pale pale. Naogopa.

Alhamisi, 5 Juni
Nianze kukiri kwa daftari hili.
Wakati wa vita nilimlea Riziki, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Alikuwa na miaka saba. Njaa ilikuwa kali, nikafupisha: muhogo mchungu, usiku mmoja majini, basi. Wiki nyingi hivyo, bila maharage wala samaki. Nilionja, ulikuwa mchungu, nikampa. Asubuhi moja miguu yake ikagoma. Mpaka leo. Watu wakasema kalogwa na nyanya yake, mama wa baba yake. Mimi nilijua ni sumu ya muhogo usioloweka vya kutosha. Nilikuwa mwalimu wa jambo hilo hilo. Nikanyamaza, wakamfukuza yule mama mzee. Alifia njiani.
Riziki ndiye anayeniogesha. Akijua, ataondoka. Sitaki kufa peke yangu.

Jumamosi, 7 Juni
Walikuja sita. Nilipanga kuziruka zile siku tatu, na nikaziruka. Mama Gloria wa saluni, mtoto amelala mapajani mwake, akacheka.
"Eish, mama, mimi naloweka usiku moja tu, ile michungu ya Msumbiji. Kwa hii Durban, nani iko na wakati?"
Nilimtazama yule mtoto. Miguu minene, soksi moja.
Nikasema siku tatu. Nikasema kwa nini. Nikanyoosha kidole kwenye miguu ya Riziki, Mungu anisamehe, kisha nikasema yote, hata habari ya nyanya yake. Vikombe vya chai vikapoa.
Riziki aliuliza moja tu. "Mama mkubwa, ulijua?"
Nilijua.

Jumapili, 8 Juni
Hakwenda kanisani. Ameniogesha. Maji yalikuwa ya moto, mikono yake ilikuwa mizito.
Mchana akaniwekea karatasi kitandani. "Andika jina la nyanya. Lote."
Niliandika. Alisimama akangoja mpaka nikamaliza. Akaichukua, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.
Ukuta ni mwembamba. Namsikia analitaja jina lile polepole, kama mtu anayejifunza.