Mipira Tuliyomnyang'anya Kapaya

Jumamosi, tarehe 1 Juni

Nimeosha karavani yetu ya kushonea baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, kama kawaida. Vumbi jekundu hadi ndani ya mapazia. Cherehani mbili za Baba nimezipaka mafuta. Mdogo wangu Idi akamwaga ndoo. Nilimpiga kofi, akalia, nikajuta. Ana miaka minne tu.

Mpira wa kushoto wa karavani ulipasuka mwezi uliopita, barabara ya Likasi. Wa kulia umeisha, nyuzi ziko nje. Baba anasema tupate mingine miwili wiki hii. Jumapili ya tarehe 9 tunakwenda Kambove, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Kikundi cha wacheza ngoma wa chama kinangoja nguo zake kwa ajili ya gwaride. Zikichelewa, atakayeitwa kujieleza ni Baba.

Safarini Baba anaendesha kamioneti inayovuta karavani, mimi kando yake na marobota ya vitambaa. Mama na Idi wanalala nyuma, ndani ya karavani. Ndiyo sababu mambo ya mipira yananikaa rohoni.

Jumapili, tarehe 2 Juni

Ruashi, kwa Kapaya. Anauza pneu, yaani mipira ya magari, za zamani, na ni mtani wetu. Kabila lake na letu yanataniana tangu mababu: kutukanana, kunyang'anyana vitu, kuzikana. Mtani akichukua kitu chako, kukasirika ni aibu. Lazima ucheke.

Baba alinichukua nimsomee maandishi ya ubavuni mwa pneu, kwa sababu yeye alisoma Kurani na mimi nasoma Kifaransa. Kulikuwa na mbili nyeusi, zinang'aa, meno mazima, zimesimama mlangoni. Nyuma ya nyumba mbili nyingine, za kamioneti, mbaya za sura, meno nusu. Rimu ya namba ileile.

Kapaya alituona kwa mbali.

"Mutumwa wangu! Unakuya kutafuta nini? Kaburi?"

"Nakuya kutafuta mwizi. Nimemupata," Baba akasema.

Kapaya akamwonyesha zile mbaya. Baba akacheka: mfanyabiashara anaficha nzuri, mtani anakuuzia takataka. Akashika zile za mlangoni.

"Acha ile!" Kapaya akapiga kelele. "Ile ni maiti banapaka mafuta! Pneu ya remorki, ya kukokotwa, inakufaka juu ya kusimama siku mingi, hapana juu ya kutembea! Nitakuzika miye mwenyewe, na nitakula mbuzi kwa bibi yako!"

Kadiri alivyopiga kelele ndivyo Baba alivyocheka. Mimi pia nilicheka. Baba akasukuma mmoja, mimi mwingine, mbio hadi kwenye kamioneti. Tumemnyang'anya! Majirani wa Kapaya walipiga makofi.

Jambo moja. Nilikuwa nimesoma. Zile zinazong'aa: nguvu, tabaka nne za nyuzi. Zile mbaya: tabaka nane. Nilisema "nane". Baba akauliza, "Nini?" Nikasema hakuna kitu. Sauti yangu ndivyo ilivyo. Inafika kwenye meno na kurudi.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mipira imeshafungwa. Karavani imekuwa kama bibi arusi. Baba amemwita kila mtu wa parseli, uwanja wetu mzima, aje kuangalia.

Jioni niliosha magurudumu kwa sabuni. Maji yakawa meusi. Si tope. Ni siraji, ile ya viatu. Kapaya aliipaka ili mipira ing'ae, maana ilikuwa alama ya duka lake. Sasa nakumbuka watu wa Ruashi wanavyoelekezana: nenda mpaka kwenye pneu za Kapaya. Miaka yote hiyo kwenye jua.

Chini ya siraji kuna mipasuko, ubavu mzima, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Ukucha wangu unaingia.

Baba alikuwa anatokea. Nilichukua siraji ya viatu vyake mwenyewe nikapaka tena haraka. Kwa nini? Sijui. Niliogopa uso wake utakavyoanguka mbele ya majirani. Mimi ni mwoga. Naandika ili nione neno lenyewe: mwoga.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Baba amesimulia habari ya pneu sokoni, msikitini, kwa muuza mkate. Kila akisimulia, Kapaya anatukimbiza mbali zaidi. Leo amefika hadi kwenye reli.

Saa kumi na moja Kapaya mwenyewe alikuja. Shati limefungwa vifungo vyote. Hakutukana. Alimwita Baba "Muzee Ramazani". Akasema, polepole, "Nakuomba, rudisha zile. Bibi yako na mutoto banalala mule ndani."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema huu ndio utani mkubwa kuliko wote, Kapaya kujifanya padri. Mama alileta chai na ndizi. Kapaya hakugusa. Akaondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipopata baridi. Kapaya hajawahi kutoka kwetu bila kubeba kitu. Mara ya mwisho alibeba sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ikiwa bado motoni.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Asubuhi nilimwambia Mama habari ya mipasuko. Akasema, "Feza, ambia baba yako. Akiisikia kwangu atasema Kapaya amenilisha maneno." Nilijaribu wakati Baba anakula. Nilisema, "Baba." Akasema, "Eeh?" Nikamwuliza kama anataka pilipili.

Shuleni nilikariri shairi zima la Kifaransa bila kosa, nikiangalia dirisha. Mbele ya Baba, sauti hiyo ni bure kabisa.

Baada ya masomo nilikwenda Ruashi kwa miguu. Niliogopa njia nzima. Nilimkuta Kapaya amekalia rimu.

"Mutoto wa mutumwa wangu. Baba yako anakutuma kuiba rimu pia?"

Nikamwambia hatarudisha. Hawezi. Ameshasimulia kila mahali. Kisha nikasema kile nilichokuwa nakifikiria tangu nilipovuka daraja: "Lakini wewe unaweza kutunyang'anya."

Akanitazama kana kwamba nimeota pembe.

"Kesho Ijumaa," akasema. "Baba yako iko anaenda ku musikiti saa ngapi?"

Nilimwambia. Nimemsaliti baba yangu. Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Baba akiwa msikitini walikuja watatu, Kapaya na wenzake wawili, na jeki, na zile pneu mbaya. Mimi niliweka jiwe kwenye gurudumu lisitembee. Mama alijifanya anachambua mboga za lenga-lenga na hakuinua kichwa. Idi aliimba.

Walimaliza upesi. Kapaya akafunga jogoo wetu miguu, akamtia kwapani. Nilisema jogoo hakuwa kwenye mapatano. Akasema, "Bila jogoo, nani ataamini?"

Baba alirudi na kanzu nyeupe. Majirani walikuwa wamejaa uwanjani, wameziba vicheko kwa viganja. Aliangalia mipira. Aliangalia kamba ya jogoo chini. Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu.

Baba akacheka. Alichelewa kidogo, lakini alicheka. "Ameniweza, yule mwizi!" Uwanja wote ukalipuka.

Wakati anacheka macho yake yalipita kwangu. Mikono yangu ilikuwa na grisi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kapaya alituma mtu: njoo uone maiti yako. Baba hakwenda. Nilikwenda mimi.

Kapaya alikuwa ametia upepo wa kipimo cha safari katika mmoja wa ile mipira, umefungwa kwenye rimu, umelala tu chini, hauna mzigo wowote. Ubavu ukavimba kama shavu lenye jino bovu. Tulirudi nyuma ya ukuta. Ukapasuka. Kuku wote wa Ruashi waliruka, na jogoo wetu pia.

Nyumbani Baba aliuliza, bila kuinua macho kwenye cherehani, "Umepasuka?"

Nilitikisa kichwa kuitikia. Akaendelea kushona.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kambove. Tumefika. Baba alisimama mara nyingi njiani, hata pasipo na sababu. Anashuka, anaweka kiganja kwenye ubavu wa mpira, anapanda. Baada ya Likasi nami nilishuka nikaweka changu. Mpira ulikuwa vuguvugu tu.

Mama na Idi walilala njia yote. Idi ana alama za mkeka shavuni.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Baridi. Ukungu umekaa juu ya kambi. Wanawake wa kikundi walikuja mapema kujaribu nguo, wakapanga foleni mlangoni mwa karavani.

Kabla hajafungua, Baba alichuchumaa kwenye gurudumu, akaniita.

"Soma."

Nikasoma.

"Nguvu yake ngapi?"

"Tabaka nane." Wanawake waligeukia sauti yangu.

"Na siku ile ulisoma ngapi?"

"Nane."

"Sikusikia."

"Nilisema kwa sauti ndogo, Baba."

Akafuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu. Alisema tukirudi tutapita Ruashi, kuna kuku wa Kapaya anaowatamani. Kisha akavua ule utepe wa kupimia shingoni mwake akaniwekea mimi. Siku ya kujaribu, nguo nyingi huwa zinabana. Nitapima, nitataja, yeye ataandika.

Mwanamke wa kwanza aliinua mikono. Nikazungusha utepe kiunoni mwake.

"Themanini na mbili," nikasema.

Baba akaandika.