Baba Ruan Qizhi, Uliyetuachia Hesabu ya Tuta Njiani

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipoinamia meza yako ya hesabu usiinuke tena. Tumekuandalia mikate ya ufuta uliyoipenda, tumewasha ubani mbele ya kibao chenye jina lako. Mvua haijakatika siku ya tisa sasa.

Mjane Pang hajasahau ulivyompimia shamba lake lililopinda kama upinde, shemeji zake wakaacha kulidai. Alikulipa kabichi mbili, nawe ukapita nazo sokoni ukiringa: "Nani kasema hesabu hailishi?"

Nyumbani ulikuwa mkali kwa jambo moja tu. Mama akishika kitambaa cha kufutia meza, unapiga kelele, "We Mama Heng, usiguse vijiti hivyo! Mto huo!" Naye anakujibu, "Mto gani mkavu hivi? Sogea huko, mzee, nipange bakuli." Mnacheka wote wawili.

Siku ile vijiti vyako vya kuhesabia, vyekundu na vyeusi, vilikuwa mezani, ukitafuta kimo cha kuliongezea tuta la Luqiao linalotukinga na mto. Hesabu ya vijiti haiandikwi. Ukipanga hatua mpya unaokota vijiti vya ile iliyopita. Tulihitaji meza tukulaze. Mkazamwanao Wanniang akavikusanya upesi, akavitia kwenye mfuko wake kama alivyozoea kila jioni. Hakukusudia, Baba. Tangu hapo hali akashiba. Anasema, "Mimi ndiye niliyeufuta mto."

Wanafunzi wako walijaribu, kila mmoja akaja na jibu lake. Mwishowe mwanao Heng akakisia: dhiraa mbili. Watu wakabeba udongo kwa neno lake, kwa kuwa ni damu yako. Leo maji yamebakiza shibiri moja kulivuka tuta. Heng yuko juu ya tuta na jembe lake, tumemwita mpaka sauti zimekauka.

"Niliyewaambia ni mimi," anasema. "Nishuke niende wapi?"

Baba, tumeshindwa. Tubebe watoto tukimbilie mlimani, au tukae? Wewe ungetwambia kwa neno moja. Njoo basi, hata ndotoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo, Bibi Zhuo, mwanao Heng, aliye tutani, mkazamwanao Wanniang, na wajukuu zako Su na Ke, waliokwisha kufungwa mafurushi mgongoni. Tutakukumbuka siku zote, Baba, maadamu atabaki wa kukukumbuka.